Kifaru cha Kijani

Nimekinunua Makoroboi, kwa kijana wa chaji na kava,
kidogo kama kipande cha sabuni ya kufulia,
na ndani yake, aliniapia, mna gemu elfu kumi.
Nikacheka. Elfu kumi tuliahidiwa zamani
na kaseti ya njano ya Majura.
Tulipozihesabu zilikuwa saba;
nyingine ni zilezile, zimebadilishwa rangi ya anga.

Nimekaa Kamanga, nasubiri pantoni.
Nawasha.
Mlio ule.
Mlio ule, jamani, sauti nne za bati,
na mara nasikia harufu ya dagaa.

Si dagaa wa leo. Ni wa mwaka tisini na tatu,
Mwaloni Kirumba, mama ameinama anaanika,
mimi na Lushona tunanyata nyuma yake,
kila mmoja na sarafu ya ishirini
ameificha shavuni.

Banda la Majura lilibanwa chini ya jiwe,
jiwe lenyewe ndilo ukuta wa nyuma na nusu ya paa.
Kaseti ikigoma, anayeipuliza ni yeye tu,
polepole, kama anayepoza uji wa mgonjwa.
Pedi zilinata. Vitufe vilinuka samaki
kwa sababu sote tulinuka samaki.

Mimi kifaru cha njano, Lushona cha kijani.
Chini, katikati, nyuma ya matofali, kuna ndege wa kulindwa.
Majura alisema ni tai. Sisi tuliona korongo,
yule mwenye kipara, mla matumbo ya sangara,
tukamlinda hivyohivyo.
Ila Lushona, akikosa njia,
alilipua ukuta wetu wenyewe.
“Kidole kimeteleza,” anasema.
Alama hii juu ya nyusi ni ya ugomvi huo.

“Mkimaliza hatua ya thelathini na tano,” Majura alituapia,
“kuna kasri. Na muziki mwingine.”
Tulifika thelathini na moja, mara moja tu,
siku ya mvua, banda zima limesimama nyuma yetu,
umeme ukakatika.
Watu wakaguna kwa pamoja
kama uwanja wa Kirumba mpira unapogonga mwamba.
Hela hairudishwi.

Hiki cha sasa hakijui mgao. Kina betri,
kina na kitufe cha kugandisha wakati:
ukifa, unarudi pale ulipokuwa hai.
Wiki mbili nimecheza chumbani, miwani puani,
mama wa watoto watatu,
nimekufa nisivyoweza kuhesabu bila kutoa hata ishirini.
Juzi, saa nane usiku, nikamaliza thelathini na tano.

Hakuna kasri.
Skrini ikawa kijivu, ikaandika: moja.
Matofali yaleyale. Korongo yuleyule.

Sikukasirika. Nilimwonea Majura huruma,
naye hakuwahi kufika.
Alilijenga kwa mdomo ili turudi kesho na sarafu nyingine,
au labda, sijui, alilihitaji mwenyewe.

Nikachagua wachezaji wawili, kwa mazoea.
Cha njano kikaenda.
Cha kijani kikasimama palepale kilipozaliwa,
kikapigwa, kikazaliwa, kikasimama,
kikapigwa.
Nikazima.

Lushona anaendesha dampa mgodini, Geita,
tairi lake moja linamzidi kimo.
Tangu msiba wa mama hatujaongea kama watu:
mambo ya kiwanja,
ukuta wa nani, nani kauvunja.

Pantoni inapiga honi. Wenye pikipiki wanawasha kabla ya wakati.
Mkobani nina pedi ya pili,
waya wake bado umefungwa vile ulivyotoka dukani.

Habari za kasri sitampa.
Nitamwambia tuliishia thelathini na moja,
tuendelee.
Na safari hii akiulipua ukuta wetu
nitaamini ni kidole.